Nilivyokizuia kivinjari cha seva kuchungulia ya ndani

Wauza dagaa na mabondo wengi pale Mwaloni Kirumba wana simu ambazo zikifungua tovuti nzito ya mnunuzi wa nje zinaganda. Ndiyo maana huduma moja ya kampuni ndogo ninayofanyia kazi hapa Mwanza ilikuwa inapendwa sana: unabandika linki, seva inaifungua kwa Chrome inayofanya kazi bila skrini, inaupiga picha ukurasa na kukutumia kwa WhatsApp. Kinachoiendesha hiyo Chrome ni Puppeteer, programu ambayo Google waliitoa mwaka 2017. Nilipewa kazi ya kuikagua kabla haijafunguliwa kwa wateja wa Musoma na Bukoba.

Jaribio la kwanza halikuhitaji ujanja wowote. Kwenye kile kisanduku cha linki niliandika http://127.0.0.1:3000, yaani seva ijifungue yenyewe: anwani hiyo, ambayo pia huitwa localhost, ndiyo kila kompyuta inavyojiita, na 3000 ni namba ya bandari, mlango wa programu moja ndani yake. Muda si mrefu picha ikaingia kwenye simu yangu: ukurasa wa wasimamizi, majina ya wateja na namba zao, bila kuulizwa neno la siri. Aliyeujenga aliona hakuna haja, maana ukurasa ule ulikuwa unafunguka kutoka ndani ya seva tu. Nikaandika file:///etc/passwd, faili la seva lenye orodha ya watumiaji wake, nalo likaja limepigwa picha safi kabisa, herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe.

Kilichonitia hofu hasa ni 169.254.169.254. Kwenye seva nyingi za kukodi mawinguni, hiyo ndiyo anwani ambapo seva inajiulizia habari zake, zikiwemo funguo za muda za kuingilia hifadhi za mwenye akaunti. Uvamizi wa benki ya Capital One huko Marekani mwaka 2019 ulipita njia hiyo: mtu aliifanya seva ya benki imtumie ombi kwenye anwani hiyo, akapata funguo, na taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zikachukuliwa. Novemba mwaka huohuo Amazon walileta toleo la pili la huduma hiyo, ambalo kwanza linadai uombe tokeni (kibali cha muda) kwa ombi la aina ya PUT, kitu ambacho kubandika linki peke yake hakuwezi kufanya. Kwenye seva yetu toleo la zamani lilikuwa bado linakubalika. Nililizima siku hiyohiyo, kabla ya chai.

Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa na wazo. "Dada, si tuweke tu orodha ya anwani zilizokatazwa? Linki ikiwa na localhost au 127.0.0.1, tunaikataa." Akaiandika haraka, na kwa kweli aliiandika vizuri. Nikabandika http://2130706433. Ni 127.0.0.1 ileile iliyoandikwa kama namba moja ndefu, na Chrome inaielewa bila shida. Akaongeza hiyo. Nikaleta [::1], ambayo ni anwani hiyohiyo kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao. Akaongeza. Halafu nikachukua jina la tovuti yangu mwenyewe, nikalielekeza kwenye DNS, daftari la mtandao linalogeuza majina kuwa anwani, liende 127.0.0.1. Hapo akacheka, akasukuma kiti nyuma.

Na hata hizo angeziweza zote, bado kivinjari kina tabia yake. Programu ya kawaida ya kuchota linki inatuma ombi moja. Kivinjari kinatuma makumi: picha, fremu, hati za JavaScript, na kila kimojawapo kina anwani yake. Nilitengeneza ukurasa wa bei za sangara usio na dosari, chini yake nikaweka fremu, yaani ukurasa ndani ya ukurasa, inayoelekea bandari ile ya 3000. Linki ilipita ukaguzi, picha ikarudi na bei juu, wateja wetu chini. Ukurasa mwingine ulikuwa mtupu kabisa, ukijibu tu kwa kukielekeza kivinjari ndani. Kukagua linki peke yake ni sawa na kumpekua abiria kwenye geti la kivuko cha Kamanga kisha mizigo yake ikapita bila kuguswa.

Puppeteer inaruhusu kunasa maombi yakiwa njiani, lakini hapo unaona jina la tovuti, huoni jina hilo litaishia kwenye anwani gani. Tena jina linaweza kujibu anwani halali unapolikagua, na nyingine kabisa kivinjari kinapoliuliza. Nayo WebSocket, njia ya ukurasa kuzungumza na seva mfululizo, haipiti hapo kabisa, kwa hiyo huinasi.

Kwa hiyo nilihamia kwenye mtandao wenyewe. Chrome niliiweka kwenye kontena yake ya Docker, yaani chumba kilichotengwa ndani ya seva, ambayo 127.0.0.1 yake haina kitu chochote cha kuiba. Kisha nikaweka sheria kwenye seva mama, ile inayobeba kontena, za kufunga anwani za mitandao ya ndani: kutoka kontena hiyo, hakuna kwenda 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12, 192.168.0.0/16 wala 169.254.0.0/16, na anwani za ndani za IPv6 vilevile. Hapa wengi wanateleza: kwenye ngome ya Linux sheria zimegawanywa kwa orodha, na zile za orodha ya DOCKER-USER zinashika maombi yanayopita kwenda nje, lakini ombi linalokwenda kwenye seva mama yenyewe, kupitia 172.17.0.1, linaingilia orodha nyingine, INPUT. Lazima ufunge kotekote.

Niliongeza pia proksi, programu ya kati ambayo maombi hupitia, ili kila ombi liandikwe. Chrome ina siri yake hapo. Ukiipa proksi, bado localhost na 169.254.0.0/16 inaziendea moja kwa moja bila kupitia proksi, mpaka uiongezee --proxy-bypass-list="<-loopback>". Anayetegemea proksi peke yake ameacha wazi anwani ileile iliyoiumiza Capital One. Linki zisizoanza na http au https zinakataliwa mlangoni. Hilo orodha inaliweza.

Nilirudia majaribio yote. Ile ya file:// ilikataliwa mlangoni, na kwingine, pale ulipokuwa unatokea ukurasa wa ndani, kila mara Chrome ilisema tovuti haifikiki.

Jioni bosi akapiga simu. "Binti, mbona ripoti yangu haiji?" Kumbe fundi aliyenitangulia alimfundisha kubandika localhost:3000/ripoti kila siku akifunga ofisi. Nikamwambia, "Mzee, njia hiyo nimeifunga, nipe nusu saa." Nikamwandikia skripti inayoupiga picha ukurasa huo mmoja tu saa kumi na mbili jioni na kuutuma kwa namba yake, isiyopokea linki ya mtu yeyote, hata yake.