Kompyuta inajivuta? Cheki nani anakula ramu

Yaani desktop ya hapa home, ya Windows, ina ramu (kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa wazi) ya GB 4 tu, ukiiwasha unachemsha chai unarudi bado inahema. Kabla ya kumpelekea fundi bonyeza Ctrl+Shift+Esc, itafunguka Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi, bofya Memory ili zinazokula ramu zaidi zipande juu, halafu nenda Startup, huko ndo utacheka, programu ya printa uliyoiuza kitambo, za gemu, za kupigia simu, zote zinajiwasha zenyewe na wewe huna habari. Bofya kulia, Disable, basi, haijafutika, ukiitaka utaifungua mwenyewe. Antivairasi na mambo ya sauti usiguse jamani. Na zile app za "kusafisha" kompyuta achana nazo, nyingi nazo zinajiwasha hukohuko.