Matiti yanauma, lakini usingizi umerudi

Usingizi ndio ulionipeleka kwa daktari. Usiku nilikuwa naamka nimelowa chepechepe, navua kitenge nafunga kingine, nageuza mto, najilaza, na kabla sijapitiwa joto linapanda tena kutoka kifuani mpaka usoni. Hapa Ujiji joto si habari mpya, kwa hiyo kila niliyemweleza aliniambia, "Mwalimu, ni jua la kiangazi hilo." Mvua zikaanza, watu wakatafuta masweta, mimi nikaendelea kuchemka.

Daktari wa wanawake alinisikiliza. Hedhi yangu ilikuwa imekatika zaidi ya miezi 12, na hicho ndicho kipimo cha kusema imekoma; wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Aliniuliza kama kwetu kuna saratani ya matiti, kama damu iliwahi kunigandia mguuni, kama ini lina shida, akapima presha, ndipo akaniandikia homoni mbili. Estrojeni ndiyo inayotuliza majoto. Projesteroni ni ya kulinda kizazi, maana estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na baadaye inaweza kuleta saratani. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida hupewa estrojeni tu.

Majoto yalipungua baada ya wiki chache. Hapo yakaja maudhi.

Matiti yalijaa na kuuma kama ya mwanamke anayenyonyesha. Kubeba madaftari ya watoto nikiyakumbatia kifuani, jambo nililolifanya miaka yote ya ualimu, likanishinda. Sasa nayatia kwenye kikapu. Sidiria yenye waya nimeiweka kando, navaa ya pamba, hata usiku. Tumbo nalo lilikuwa likijaa gesi jioni, basi maharage nala mchana. Kichefuchefu kilinipata zaidi nilipomeza kidonge kabla ya kula. Siku moja wifi yangu alikuwa anapika samaki wa migebuka kwa mawese, yale mawese mapya yanayonukia nyumba nzima. Yalipoanza kuchemka nilitoka mbio hadi uani. Chakula nilichokulia! Tangu hapo estrojeni nainywa nikishapata chai na kiporo, na kichefuchefu kimeisha. Projesteroni yangu huleta usingizi, ndiyo maana nimeambiwa niinywe ninapokwenda kulala.

Lakini kilichonitikisa ni damu. Pedi zangu zote nilishampa binti wa jirani. Nilishazoea mwezi mzima wa swala bila kukatika, na Ramadhani isiyoacha siku za kulipa. Asubuhi moja naona matone kwenye nguo ya ndani. Mikono ilinitetemeka, maana damu baada ya hedhi kukoma ni jambo ambalo kila mwanamke anapaswa kulipeleka hospitali. Nikampigia nesi wa kliniki. Akanijibu taratibu: "Mama, miezi mitatu hadi sita ya mwanzo wa dawa hizi matone hutokea, mwili unazoea. Ila yakiwa mengi, au yakapita miezi sita, au yakakata kisha yakarudi, usikae nyumbani. Njoo tuangalie kizazi kwa ultrasaundi." Maneno yale nimeyaandika kwenye kalenda ya ukutani, na kila tone linapotokea natia alama ya kalamu nyekundu kwenye tarehe yake.

Likabaki la swala. Nikaenda kwa ustadhati wetu, mwalimu wetu wa dini, nikamweleza kila kitu, hata aina ya dawa. Akaniuliza rangi, akaniuliza inakaa muda gani. Akasema damu isiyotimiza mchana na usiku ni istihadha, yaani damu isiyozuia swala, si hedhi: nijisafishe, niweke pedi, nitawadhe wakati wa kila swala unapoingia, kisha niswali. Nilirudi nyumbani mwepesi. Sijui kwa nini habari hizi hatuzisemi darasani kwa kina mama wa umri wetu, wakati ndio tunaozihitaji.

Katika chumba cha walimu mwenzangu alinionya kwamba homoni zinaleta saratani ya matiti. Hofu hiyo ina mzizi wake. Julai 2002 nchini Marekani walisimamisha sehemu ya utafiti mkubwa wa Women's Health Initiative, baada ya wastani wa miaka 5.2, kwa sababu waliokuwa wakinywa estrojeni pamoja na projestini, yaani projesteroni ya kutengenezwa maabara, walizidi wenzao wasiozinywa kwa saratani ya matiti: kama wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Madaktari leo huangalia umri: kwa mwenye shida kubwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na vizuizi, faida mara nyingi huzidi hatari. Hatari haijafutika. Najichunguza matiti, na kliniki sikosi.

Kuganda kwa damu ndiko ninakokuogopa zaidi, kwa kuwa vidonge vya kumeza hupitia kwenye ini na kuongeza uwezekano huo. Dawa zangu haziuzwi huku. Nazifuata Dar kwa basi, safari ya kukaa kitako kwa saa nyingi. Kila basi linaposimama nashuka, natembea, nakunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye tumbo la mguu, au pumzi ikanikata ghafla, hospitali siku hiyohiyo.

Wifi aliiona pakiti mezani. "Wifi, mpaka leo unapanga uzazi?" Nikamkalisha, nikamweleza. Alinyamaza, kisha akaanza kusimulia usiku wake mwenyewe, miaka ya kulala sakafuni kwa joto bila kumwambia hata kaka yangu. Yeye ana presha inayosumbua, kwa hiyo huenda dawa zangu zisimfae, na zipo nyingine zisizo za homoni za kutuliza majoto. Hayo ataamua daktari baada ya kumpima.

Mwezi ujao nina kliniki. Nitauliza kama dozi inaweza kupunguzwa kwa ajili ya matiti, na kama kibandiko cha ngozi au jeli vinapatikana badala ya kidonge, maana hivyo havina hatari ileile ya kugandisha damu. Kalenda nitaibeba. Wifi ameomba tuongozane.