Komedi ya runinga kutoka Mbeya: neno la kuchekesha likae mwisho

Vichekesho vimejaa mtaani. Kazi ya mwandishi wa komedi ni kuyapanga maneno. Mchukue dereva wa bajaji anayedaiwa na mama ntilie wa Mwanjelwa. Rasimu ya kwanza huja hivi:

"Jana kwenye harusi ya binti yako nilichanga hela yako yote, mama."

Kicheko kimeshakufa. Siri imetoka mapema, na neno "mama" limekaa mwisho bila kazi. Geuza:

"Mama, ile hela yako nimeichanga yote jana. Harusini. Kwa binti yako."

Sasa mama hana pa kushika: pilau ya hela yake ameshaila. Usimwandikie jibu. Weka maelekezo tu: Mama anamtazama. Anafunika sufuria. Waigizaji waliozoea jukwaa wataongeza "jamani" au "si unajua" na kukifunika kicheko, kwa hiyo yazuieni hayo mazoezini, kabla kamera haijawashwa.

Kichekesho hiki kimetoka kwenye shida ya mtu, si kwenye lafudhi yake. "Ugonile" ya Wanyakyusa na "kamwene" ya Wahehe zibaki salamu kama zinavyosemwa Tukuyu na Kalenga. Lafudhi ikigeuzwa kuwa ndiyo kichekesho chenyewe, inachosha mapema na inawaudhi majirani zako, ambao ndio watazamaji wako wa kwanza.

Ukurasa 1 wa skripti ni kama dakika 1. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo, hubaki na dakika 22 hivi. Majibizano ya haraka hula kurasa zaidi, basi soma kwa sauti huku saa ya simu inahesabu. Kabla ya hapo andika muhtasari wa ukurasa 1: nani anataka nini, nani anamzuia, na anadanganya nini ili akipate. Kisha orodhesha sini, yaani vipande vya hadithi vya mahali na wakati mmoja, kila moja kwa sentensi moja. Sini ambayo haibadilishi hali ya mtu yeyote itoke, hata kama inachekesha.

Hali ya hewa ya huku nayo inaandikiwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua juu ya bati humeza sauti yote, kwa hiyo sini ya ndani ya nyumba isiyo na dari ipe vitendo kuliko maneno. Juni na Julai kila mtu yuko ndani ya koti. Sini mbili za siku moja zikirekodiwa wiki tofauti, koti linatokea na kupotea. Taja vazi kwenye skripti.

Kuhusu malipo, Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 hailindi wazo tupu, inalinda kilichoandikwa. Usisimulie tu mezani: tuma andiko kwa barua pepe na ulisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, upate ushahidi. Mkataba utaje malipo ya kila episodi, jina lako mwishoni mwa kipindi, na utalipwaje kikirudiwa au kikiwekwa YouTube. Utaje pia idadi ya masahihisho, maana hapo ndipo waandishi wengi huumia: bila idadi, rasimu ya 6 unaiandika bure. Masahihisho mawili yawe ndani ya bei, ya tatu yalipiwe.