Mkopo Katika Darasa la Maarifa ya Jamii

Kila ninapopendekeza kwamba elimu ya fedha binafsi ifundishwe ndani ya Maarifa ya Jamii, walimu wenzangu huniuliza kwa nini nisiwaachie walimu wa hisabati. Swali lao lina msingi, kwa kuwa riba ni hesabu. Lakini mwanafunzi anayeikokotoa kwa usahihi bado hajaulizwa ni nani aliyeamua ikokotolewe hivyo, wala mkopaji alielezwa nini kabla ya kutia saini.

Darasani hutumia mfano wa mtu aliyekopa 1,200, ambaye hupunguza deni kwa 100 kila mwezi kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Riba ikitozwa juu ya mkopo wote wa awali, atalipa riba ya 144; ikitozwa kila mwezi juu ya salio la deni, atalipa 78 tu. Kiwango kilichoandikwa katika mkataba ni kilekile, na wanafunzi hurudia hesabu wakidhani wamekosea. Wanapogundua kwamba mwezi wa mwisho mkopaji wa njia ya kwanza amebakiwa na deni la 100 ilhali anatozwa riba juu ya 1,200, maswali yao hubadilika: je, sheria inamlazimu mkopeshaji kuieleza tofauti hiyo? Mdhamini atabeba mzigo gani marejesho yakikwama? Malalamiko yapelekwe wapi? Hayo ni maswali ya haki, mikataba na taasisi, na ni ya somo letu hasa.

Mtaala wa taifa ulioanza kutumika England mwaka 2014 uliweka bajeti, madeni, bima, akiba na pensheni ndani ya somo la uraia, pamoja na namna fedha za umma zinavyokusanywa na kutumiwa. Napenda mpangilio huo, kwa sababu kijana anayejifunza kusoma bajeti yake anaweza pia kusoma ya serikali.

Jambo moja nalichunga sana: simwombi mwanafunzi yeyote aeleze mapato au madeni ya nyumbani kwao. Tunatumia familia ya kubuni, yenye kipato kisichotabirika, kwa kuwa bajeti zinazodhani kwamba kila mtu hupokea mshahara mwisho wa mwezi huwafundisha baadhi ya watoto kwamba wazazi wao ni wazembe, na huo ni uongo unaoumiza. Muhula ujao nitaleta mkataba mtupu wa mkopo, nao wataanza kuusoma kutoka ukurasa wa mwisho, penye maandishi madogo.