Volti moja na nusu zilikuwa zinapotelea kwenye rangi

Leo saa kumi na moja jioni mita ya umeme imesoma volti 14.2 kwenye betri. Nikazima injini, nikawasha, nikapima upya: 14.2. Wiki tatu nimekuwa nikiisukuma pikipiki hii kila asubuhi hapa Busia, upande wa Uganda, vijana wa steji wakinipa pole, na leo nimekaa chini kando ya gurudumu la nyuma nikashindwa hata kuitoa mita kwenye betri.

Yaliyotangulia nitayapitia haraka. Betri ilikuwa inakufa kila baada ya siku mbili tatu. Nikanunua mpya, nayo ikafa. Fundi mmoja ninayemheshimu aliisikiliza injini, akaniambia, "Kijana wangu, hiyo regyuleta imekwisha, usihangaike." Nikatoa shilingi 45,000 za regyuleta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa injini uwe wa kuchaji betri. Betri ikafa tena. Hapo nikaapa kwamba sinunui spea nyingine mpaka mita initume.

Koili ya chaji, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka: nilichomoa soketi yake, nikapima volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi) kati ya zile waya mbili za njano, nikapata 24 injini ikinguruma taratibu na zaidi ya 60 nikivuta resi. Ukinzani mita ilisema omu 0.9, lakini ncha za mita zenyewe zikigusana zinasoma 0.4, kwa hiyo koili ni 0.5. Kutoka waya wa njano kwenda bodi hakuna mawasiliano, kama inavyotakiwa. Koili nzima. Umeme unaovuja ufunguo ukiwa umezimwa: nilifungua hasi ya betri, nikaipitisha mita katikati, haikufika hata miliampea 1. Hakuna mwizi. Na bado, injini ikikimbia, betri inasoma 12.8. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.8, na ili iingize chaji inataka kuanzia 13.5 kwenda juu, isizidi 14.5 hivi. Yangu ilikuwa inatembea bila kula.

Kilichonipoteza ni mlio wa mita.

Nilipima kila waya kwa mlio: mita ikilia pii, nahesabu waya haujakatika. Waya mwekundu kutoka regyuleta hadi fyuzi: pii. Fyuzi hadi chanya ya betri: pii. Athi ya regyuleta, yaani waya wake wa hasi, hadi bodi: pii. Bodi hadi hasi ya betri: pii. Nikaandika kwenye daftari "wayaringi safi" na nikapiga mstari chini yake. Maneno hayo mawili yamenila siku tisa, kwa sababu baada ya kuyaandika sikuyarudia tena. Nilipima koili mara nne. Nilipima betri asubuhi na jioni. Wayaringi sikuugusa, si ulishalia pii?

Sasa najua. Mita inapolia inapitisha umeme mdogo mno, haufiki hata sehemu moja ya mia ya ampea. Uzi mmoja uliobaki ndani ya waya unatosha kuupitisha, na mita nyingi hulia hata kukiwa na makumi ya omu njiani. Regyuleta inapochaji inataka kupitisha ampea tatu, nne. Chukua ampea 4, weka njiani ukinzani wa omu 0.35 tu: umepoteza volti 1.4. Na hiyo 0.35 kwenye mita yangu ni ndogo kuliko ukinzani wa ncha zake! Ningepima omu hadi Krismasi nisiione.

Juzi usiku, nikiwa nimelala, ndipo likanijia swali ambalo sikuwa nimejiuliza: regyuleta yenyewe, pale mlangoni mwake, inatoa ngapi? Asubuhi nikamwomba mama watoto pini mbili za kushonea. Nikazipenyeza kwa nyuma ya soketi ya regyuleta, kando ya waya, mpaka zikagusa bati la ndani, bila kuchomoa chochote. Nikabana mita kwenye pini, nikawasha, nikavuta resi.

14.3.

Regyuleta ilikuwa inatoa 14.3, na betri, chini ya nusu mita kutoka pale, inapokea 12.8. Volti moja na nusu zinaingia kwenye waya na hazitoki upande wa pili. Basi nikaanza kuzitafuta injini ikiwa inakimbia na taa imewashwa, umeme ukitembea kweli. Ncha moja kwenye chanya ya regyuleta, nyingine kwenye chanya ya betri: 0.1. Hiyo ni sawa. Ncha moja kwenye athi ya regyuleta, nyingine kwenye hasi ya betri: 1.4. Hasi kwa hasi! Sehemu mbili zinazotakiwa kuwa kitu kimoja, na kati yao kuna karibu volti moja na nusu.

Siti, halafu tangi. Athi ya regyuleta na ya nusu ya wayaringi inaishia kwenye kikuku kimoja, pete ya chuma ya kushikia waya, kilichofungwa na bolti ya namba kumi chini ya tangi. Nilipokifungua nikakuta duara la rangi ya buluu, linang'aa kama siku lilipopulizwa. Desemba nilimpelekea mpiga rangi fremu, na wakati wa kurudisha vitu nilikifunga kikuku juu ya rangi. Miezi ya kwanza umeme ulikuwa unapitia meno ya bolti, ndiyo maana sikuhisi kitu. Mvua za Aprili zikaingia, meno yakashika kutu, njia ikafungika kidogo kidogo. Na stata haikunionyesha dalili yoyote, kwani waya mnene wa hasi unakwenda moja kwa moja kwenye injini, haupiti kwenye fremu kabisa. Stata ilipiga vizuri mpaka siku betri ilipokwisha.

Msasa mpaka chuma kikawa cheupe, kikuku nikakisugua pande zote mbili, nikakaza, girisi juu. Halafu nikaongeza waya wangu wa milimita 2.5 kutoka athi ya regyuleta hadi hasi ya betri, kwa sababu fremu siiamini tena. Hasi kwa hasi sasa ni 0.03. Nimekwenda Lumino na kurudi taa ikiwaka njia nzima, na nimerudi na betri iliyoshiba.

Kuhusu mita: yangu ni ile ya njano ya shilingi 25,000 na imetosha. Usikimbilie mita ya bei, nunua kwanza waya zenye vibanio vya mamba, maana huwezi kushika ncha mbili na kuvuta resi kwa wakati mmoja. Betri ya ndani ya mita ikichoka namba hupanda kwa uongo. Usiku mmoja ilinisomea 15.8 nikataka kuirudisha regyuleta dukani. Iweke mbali na waya wa plagi, la sivyo namba zinarukaruka. Na ukimaliza kupima ampea, rudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti kabla ya kuweka mita chini. Ukiigusisha betri ikiwa bado kwenye ampea umeunganisha chanya na hasi kwa waya mtupu, na ninayo ncha moja iliyoyeyuka ya kukuonyesha.

Wale mafundi wazee wanaopima kwa balbu ya indiketa na waya mbili nimewaelewa mwaka huu. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 2. Waya mbovu unaiwasha kwa unyonge, na jicho linaona. Balbu ile pengine ingelikamata kosa langu mapema. Mji huu ndio uliozaa neno bodaboda, enzi za baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka, na pikipiki sasa zimejaa kila kona. Inaniuma kwamba kwenye steji nzima spea zinabadilishwa kwa kukisia, na pesa ni ya kijana aliyekopa.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kubadilisha waya za taa za nyuma. Nimeuacha. Nimenunua kisoma-volti kidogo cha kufunga kwenye usukani ili nisipime tena kwa kuinama, nikakiunga kwenye waya wa indiketa jioni hii hii. Betri inasoma 14.2. Usukani unasoma 13.7.

Nusu volti nyingine. Iko kati ya fyuzi na swichi ya ufunguo, na tangi bado sijalirudisha.