Usitoe pini kwenye wosia, hata skana ikikusumbua

Mimi si wakili jamani, mimi ni yule mtu wa ofisini anayetumwa masjala na bahasha, anapanga foleni, akifika dirishani anaambiwa nakala moja haina muhuri rudi kesho. Miaka na miaka. Na mirathi ni mbaya kuliko kesi zingine maana aliyekuja kwako msiba bado mbichi, akaunti za marehemu zimefungwa, watoto wanadaiwa ada, halafu wewe ndo unamwambia mama samahani, faili halionekani.

Kwa hiyo mahakama tunayopeleka mafaili ilipotangaza kwamba maombi ya mirathi sasa yote yanaingia kwenye mfumo, kielektroniki, mimi nilishangilia kuliko bosi. Na kweli raha ipo. Unapakia saa nne usiku, ada unalipa hapohapo, mfumo unagonga tarehe na saa wenyewe, hakuna tena kubishana ulileta lini. Ila kubwa kwangu ni hili: zamani ndugu wawili wasioongea wanaweza kufungua mirathi ya marehemu mmoja, kila mtu kwa masjala yake, na hakuna anayeshtuka mpaka barua mbili za mahakama za kusimamia mali ya marehemu zimekutana benki. Sasa masjala zikiwa kwenye mfumo mmoja, jina na namba ya kitambulisho cha marehemu vikijirudia karani anaona. Labda mtu akosee herufi moja kwenye jina, na watu wanakosea sana.

Sasa tuje kwenye wosia, hapa ndo nilipoumia.

Nilidhani kielektroniki maana yake karatasi kwaheri. Hapana. Kesi ya kawaida nakala inatosha, lakini wosia mahakama inautaka wenyewe, ile karatasi aliyoweka wino marehemu na mashahidi. Hata Uingereza, ambako tangu Novemba 2020 mawakili wanalazimika kupeleka maombi mengi ya mirathi mtandaoni, wosia asili bado unafungwa kwenye bahasha na kutumwa. Si ushamba. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, kama wosia ulikuwa mikononi mwa marehemu mwenyewe na baada ya kifo hauonekani, mahakama inaanza kwa kudhani aliuharibu makusudi ili kuufuta, na ni kazi yako wewe mwenye kopi kuonyesha sivyo. Yaani skani nzuri kuliko zote duniani haikutoi hapo kirahisi.

Basi wiki ya kwanza ya mfumo naletewa wosia wa kurasa nne, umebanwa na stepula. Skana yetu ni ile ya kumeza karatasi, pini haipiti. Nikafanya ambacho mtu yeyote wa ofisi angefanya, nikang'oa pini, nikaskani, nikabana tena vizuri tu kwa pini mpya, nikapakia, nikapeleka asili. Siku chache baadaye inaingia meseji ya msajili: kuna matundu ya ziada kwenye kona, eleza. Nikacheka kwanza. Kumbe tundu linaweza kumaanisha kulikuwa na karatasi nyingine imebanwa hapo, labda nyongeza ya wosia inayompa shamba mtu mwingine, na mtu ameitoa. Ikabidi nile kiapo mimi, karani wa kutumwa, hati ya kiapo kuhusu pini! Familia ikasubiri wiki kadhaa zaidi kwa ajili yangu, na yule mama hakunigombeza, ndo kilichoniuma zaidi.

Kitu kingine ambacho kwenye yale mafunzo ya nusu siku hakuna aliyekigusa ni namba ya simu. Mjane hana barua pepe, anamwambia mtoto wa shemeji amfungulie akaunti, kijana anaweka namba yake na nywila anaijua yeye. Sasa kila taarifa ya mahakama, siku ya kusikilizwa, pingamizi limewekwa, inaenda kwa kijana ambaye huenda naye ana maslahi kwenye hiyo nyumba. Kwenye karatasi angalau barua ilikuwa inamfikia mama mwenyewe. Kwa hiyo siku hizi mteja akija swali langu la kwanza si cheti cha kifo, ni simu hii ni ya nani.

(Na majina ya mafaili tafadhali, "skani0001" mara sita karani anarudisha zote, na haki yake.)

Wosia sasa hauingii kwenye skana yoyote ya kumeza. Naulaza mezani, nafungua ukurasa mmoja mmoja bila kukunja kona, napiga picha kwa juu, kisha unaingia kwenye folda ya plastiki na kikaratasi kimekaa nje ya folda, si ndani: PINI ISIGUSWE. Bosi anasema nimezidisha. Yeye hakula kiapo.