Kunguru dirishani

Hii ilikuwa 2017, kijana wangu ana miaka mitatu na nusu na hatujamsikia hata akisema mama. Akitaka maji anashika mkono wangu anaupeleka kwa jagi, hanitazami usoni, mkono tu, kama anachukua upawa.

Kwetu Likoni kila mtu alikuwa na lake. Mamangu anasema watoto wa kiume huchelewa, hata babake alichelewa. Shangazi akasema ni jicho la husuda, akaleta kombe, ile dawa ya aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, nusu mtoto akanywa nusu ikamwagikia kanzu, na ile zafarani haikutoka mpaka leo. Mi nikadhani labda hasikii, lakini wapi! Fungua pakiti ya mabuyu jikoni polepole, aliye barazani huyo anakuja mbio. Jina lake umwite mara kumi, kimya. Basi tukamuita mkaidi.

Siku ya daktari tukavuka feri, honi ikalia, akaziba masikio akajitupa chini akapiga mayowe, mzee mmoja akaniambia binti yangu mmemdekeza sana huyu. Nikameza tu.

Daktari nae hakutoa chombo chochote, akakaa chini sakafuni akampa kigari. Kijana akakipindua, akaanza kuzungusha gurudumu moja. Mara daktari akanyoosha kidole dirishani, "Ee, tazama kunguru!" Mimi mtu mzima nikageuka, na kunguru wamejaa Mombasa nzima. Yeye hata hakuinua kichwa.

Akaniuliza, huwa anakuonyesha kitu kwa kidole, si eti akitaka, ili uone tu? Nikafikiria weee, hata siku moja.

Ndo nikasikia neno usonji, ile wazungu huita autism. Akaniambia si jini, si chanjo, wala si malezi yangu, na maswali kama hayo mzazi huweza kuulizwa mtoto akiwa na miezi 18, tena akiwa na 24, ili aanze kufunzwa mapema. Miezi 18! Nina video yake ya Idi ya umri huo kwa simu, sote tunamwita na kucheka, yeye anapanga vifuniko vya soda kwenye mkeka, vyekundu kando.

Kufika nyumbani mamangu akaisikiliza habari yote, akaomba ile video, akaitazama mara mbili.

"Na hapa mwisho," akauliza, "si ndo nilimfinya?"